Kauli ya Hilwe binti Shahin

Mimi ni mwokaji mikate. Nusu ya wanaume wa kijiji chetu ni waokaji mikate: tunashuka Dameski tukiwa vijana, tunaoka mikate ya wenye mji miaka thelathini, halafu tunarudi milimani na migongo mibovu. Nasema hivi mapema asije mtu akadhani najua mambo ya wanazuoni. Kidogo ninachokijua nilikiokota kwa Daktari Wadad, na Daktari Wadad ndiye niliyemwangusha.

Alikuja kwetu mara ya kwanza mwaka 1971, wakati wa kuvuna zabibu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Zahle upande wa Lebanon, amevaa miwani mizito na kubeba kinasa sauti kikubwa kama sanduku la viatu. Alifundisha chuoni historia ya Wakristo wa mwanzo. Wazo lililomnyima raha lilikuwa hili: kabla Injili hazijaandikwa, maneno ya Yesu yalitembea midomoni mwa watu kwa miaka mingi, na hapana shaka si yote yaliyoingia kitabuni. Sisi bado tunasema Kiaramu, lugha aliyolelewa nayo Yesu, ingawa yetu imechakaa. Basi akajiambia huenda neno moja, hata nusu neno, lilibaki kwa vikongwe wa milima yetu ya Qalamun bila mtu kuligundua. Chuo kilimpa siku kumi na mbili alitafute.

Wazee wetu walimpokea vizuri mno, na shida ilianzia hapo. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Hata mpita njia aliyekuja kuuliza barabara hufungiwa tini kavu kwenye kitambaa. Kwa hiyo Daktari alipouliza kama kuna aliyewahi kusikia maneno ya Bwana yasiyomo kitabuni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia hapana. Mzee Barkil alizungumza kwenye ile mashine dakika arobaini nzima.

"Hiyo imo kwenye Luka, mzee wangu," Daktari akamwambia taratibu.

"Imo?"

"Imo, neno kwa neno."

"Basi Luka aliichukua kwetu."

"Na ile ya mbuzi aliyekataa kuvuka mto?"

Mzee Barkil akajikuna shingo. "Ile ya mbuzi ni ya babu yangu. Lakini babu alikuwa mtu wa Mungu, wewe iandike tu."

Siku ya kumi na mbili alikula kwetu. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dameski mapema kuliko wenzangu wote, kwa sababu nitakayoisema baadaye, na nilikuwa na tanuri langu kijijini. Mke wangu Adla alipika burghul, ngano yetu ya kupondwa, na kuku, akaweka zeituni na vitunguu. Daktari alikula kidogo. Alikuwa na kanda kumi na tisa kwenye mkoba, na zote, alituambia, zilikuwa Mathayo, Marko, Luka, Yohana, na mbuzi.

Nilimhurumia. Nikamwuliza, ili azungumze tu, angelijuaje neno la kweli hata kama angelipata.

Akachangamka kidogo. "Angalia, Mitri. Wewe ukimpenda mtu, aibu yake utaisema?"

"Nitaificha."

"Ndivyo walivyofanya. Marko ndiye aliyeandika kwanza. Anasema siku moja watu walijaa nyumbani hata Yesu na wenzake wasiweze kula mkate, na ndugu zake wakatoka kwenda kumkamata, wanasema amerukwa na akili. Mathayo na Luka walikuwa na kitabu cha Marko mbele yao wakati wanaandika. Hilo la kurukwa na akili wameliruka."

"Wameona haya."

"Wameona haya. Kwa hiyo aibu ikibaki, ujue haikutungwa. Nani atamtungia Bwana wake aibu?" Akafungua Biblia yake, akasoma palepale panapofuata: mama yake na ndugu zake wakaja, wakasimama nje, wakatuma watu kumwita, naye akawajibu, mama yangu ni nani? Kisha akafunga kitabu, akavua miwani na kujifuta macho kwa kiganja. "Hapa, kwa mfano. Nimeuliza nyumba thelathini kuhusu hapa. Hamna kitu."

Adla alikuwa tayari anamfungia zabibu kavu. Mimi nikajikuta nasema. Nilisema kwa Kiaramu, macho yangu yakitazama mkate uliokuwa mezani, na sikujua sentensi itaishia wapi mpaka ilipoisha.

"Mama yangu alikuwa akisema kwamba Bwana alisema: Mama alisimama nje, nami sikutoka. Mkate wa siku ile haujashuka kooni mpaka leo."

Daktari Wadad akavaa miwani yake. Kisha akawasha mashine, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza mama yangu aliitwa nani. Hilwe binti Shahin. Yuko wapi? Amefariki, miaka minne sasa. Alijua kusoma? Hata jina lake. Aliisikia kwa nani? Kwa mama yake, nikasema, kwa kuwa nilishaanza.

Mama hakuwahi kusema maneno yale. Niliyatunga mimi, pale pale, kwa mdomo uliokuwa bado na burghul. Ningeweza kumwambia kesho yake kabla basi halijaondoka. Nilikwenda mpaka kituoni na mfuko wa mikate ya moto, nikamwona anacheka peke yake dirishani kama msichana aliyeposwa, nikampa mikate, nikarudi.

Mwaka uliofuata akaja tena, safari hii anatafuta shahidi wa pili. Ilikuwa kanuni yake: neno likisemwa na watu wawili ambao hawakuambizana, lina mizizi. Nilishusha pumzi, nikijua hatampata, na mambo yataishia hapo bila mimi kufungua mdomo. Akawapata watatu. Mmoja alikuwa Zakiyye, shangazi yangu mwenyewe, aliyeapa kwamba aliisikia kwa bibi yake, na bibi huyo alikufa mwaka wa nzige, kabla mimi sijazaliwa.

Nilimfuata shangazi bandani kwake alikokuwa anakamua mbuzi.

"Shangazi, wewe hiyo umeisikia kwa Adla. Siku ya Pasaka, hapa hapa."

"Nimeisikia kwa bibi."

"Adla ndiye aliyekuambia."

"Adla aliniambia, nikaikumbuka." Hakuacha kukamua. "Mwanangu, kitu ukikisikia ukakuta unakijua, si ulishakisikia zamani? Usinifanye mwongo mbele ya yule binti. Ametoka mbali."

Hapo ningesema nini? Ningemwita shangazi mwongo, na mwongo ni mimi?

Kitabu kilitoka mwaka 1975. Sura ya sita yote ilikuwa ya sentensi yangu. Daktari aliipima kwa kila kipimo alichokuwa nacho, akahitimisha kwamba mwamini hawezi kubuni maneno ambayo Bwana anajutia jambo alilomfanyia mama yake. Hata kule kupishana na Marko, aliyesema hawakuweza kula mkate, kulimfurahisha. Mtu anayeiga kitabu, aliandika, angeiga vizuri. Na katika ukurasa wa mia na kumi na mbili, kwa herufi za chapa, paliandikwa jina la aliyeihifadhi: Hilwe binti Shahin, mkulima.

Nataka nieleweke hapa, hata kama sitasamehewa. Mama yangu alikuwa akitia dole gumba kwenye karatasi za serikali. Sasa jina lake lilikuwa kwenye maktaba za miji nisiyoweza kuitamka. Nilikiweka kitabu kwenye rafu juu ya tanuri, nikakifunika plastiki unga usikichafue, na wateja walipouliza nilifungua ukurasa ule nikawaonyesha. Padri aliisema ile kauli siku ya sikukuu ya Bikira. Binti yangu aliipamba kwa uzi kwenye kitambaa cha mezani. Miaka ishirini nilimwona mama akipewa heshima ambayo hakuipata akiwa hai, na kila nilipotaka kusema ukweli nilijiuliza nani atakayepoteza. Jibu lilikuwa yeye tena. Jibu lilinifaa sana.

Mwaka 1996 nikapokea barua. Daktari Wadad alikuwa karibu kustaafu, na kijana mmoja mwanazuoni alikuwa ameandika makala kuishambulia sura ya sita. Alidai ushahidi wote ulitoka familia moja, na kwamba mashahidi watatu wa baadaye walikuwa mwangwi. Kumbe kijana alikuwa na akili. Kikao cha wanazuoni kumi na mmoja kingekutana Dameski kupima suala hilo. Kanda za zamani zilikuwa zimeliwa na joto. "Wewe ndiye uliyebaki, Abu Naqula," aliandika, kwa kuniita kwa jina la mwanangu wa kwanza kama tunavyoitana. "Njoo siku moja kabla, tunywe chai. Utawaambia tu ulichosikia kwa mama yako."

Nilikwenda. Nilibeba mikate kumi kwenye kitambaa, maana sijui kwenda kwa mtu vinginevyo. Alikuwa anaishi mtaa wa Bab Tuma, chumba cha juu, na vitabu vimepanga foleni mpaka jikoni. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele nyeupe. Alinibusu mashavu kama ndugu, akanikalisha, akaanza kunifundisha.

"Watakuuliza mwaka aliozaliwa mama. Ukiwa huna uhakika, sema huna uhakika, usikisie. Wanapenda mtu asiyekisia."

"Daktari."

"Na usiwaogope. Yule kijana ana sauti kubwa, basi. Kula, kula, hizi biskuti ni za jirani."

"Daktari, mama hakusema."

Akaendelea kumimina chai mpaka ikafika ukingoni. "Hakusema nini?"

"Hayo maneno. Niliyatunga mimi. Siku ile mezani kwetu. Ulikuwa unaondoka mikono mitupu."

Aliiweka birika chini. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Aliketi, akavuta karatasi na kalamu, akaanza kuniuliza maswali kama mtu anayehesabu nguo za dobi. Uliwahi kusikia kitu kinachofanana nayo? Hapana. Kanisani? Hapana. Kwa bibi, kwa watawa, kwenye wimbo? Hapana. Zakiyye? Kwa mke wangu. Wale wengine wawili? Kwa Zakiyye. Kila jibu aliliandika.

"Sasa niambie hili," akasema. "Miaka yote hii nimewauliza wanaume wenye digrii tatu tatu: nani anaweza kubuni kitu kama hiki? Nani atambebesha Kristo aibu hii? Hakuna aliyenijibu. Wewe umeipata wapi?"

Nikamwambia. Sikuwahi kumwambia mtu, hata Adla, na huyo alikuwemo nyumbani mle siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka 1967. Nilikuwa mwokaji kwenye tanuri la familia moja kubwa ya Dameski, na mwenye tanuri alikuwa amekubali kunipa mpwa wake, ndiye Adla. Kulikuwa na chakula cha uchumba. Nilikuwa nimewaambia mama ni mgonjwa, hawezi kusafiri, kwa kuwa mama alisema Kiaramu tu, na alikuwa na viatu vya mpira vya shambani na kilemba kilichochanika, nami nilijiona nimeshakuwa mtu wa mjini. Lakini mtu wa kwetu alimdokezea mama tarehe. Akapanda lori la zabibu, akaja. Tuko mezani, mtumishi akaingia, akasema yuko mwanamke mlangoni anamwulizia Mitri, anasema ni mwanawe.

Mezani walikuwa watu ishirini. Wote wakanitazama.

"Ni mwanamke wa kijijini kwetu," nikasema. "Kila kijana anamwita mwanangu. Mwambie aje kesho."

Mlango ulikuwa wazi. Kiarabu cha kiasi hicho mama alikijua. Mtumishi akarudi na kitambaa, akasema yule mama ameondoka ila ameacha hiki. Ilikuwa mikate, bado na uvuguvugu, alikuwa ameibeba kifuani njia nzima. Mwenye tanuri akasifu harufu yake. Ikapitishwa mezani, kila mtu akakata kipande, nami nikakata changu, nikala, kwa sababu wangeniuliza kwa nini sili.

"Nilikwenda kijijini wiki tatu baadaye," nikamwambia Daktari. "Nilijua atanitukana. Nilitamani anitukane. Aliniuliza kama mkate ulifika salama. Nikasema ulifika. Akasema tanuri lilikuwa na moto mwingi siku ile, aliogopa umeungua chini. Basi. Alifariki majira ya baridi. Mimi nikaacha kazi nikarudi kukaa kwenye nyumba yake."

Daktari Wadad alikuwa ameacha kuandika. 

"Kwa hiyo ni kauli ya kweli," akasema.

"Ni yangu."

"Ndiyo. Ya kweli, na si ya yule niliyemtafuta." Akachukua nakala yake ya kitabu, akafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili bila kuutafuta, akaweka kiganja juu ya jina la mama. "Kesho nitawaambia mwenyewe. Sura ya sita yote nitaiondoa. Unajua na hili litaondoka?"

"Najua."

"Wewe usije. Watakutafuna bure."

"Nitakuja. Nitasema niliyoyafanya."

"Utamwambia Adla kwanza?"

"Leo nikitoka hapa nitampigia simu."

Nilidhani amemaliza na mimi. Nikasimama, nikaanza kusema yale tunayosema, kwamba Mungu atakulipa, kwamba sistahili kunywa chai yako. Akanifanyia ishara nikae. Alivua miwani na kuishika mapajani, na bila miwani uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mzee zaidi.

"Mwaka themanini na tatu," akasema, "mama yangu alilala kitandani Zahle. Dada alinipigia simu. Njoo, anakuulizia. Nikamwambia nakuja, niache nimalize mkutano mmoja tu ng'ambo. Akapiga tena: Wadad, amesogezewa kitanda karibu na mlango, anasema atakuona ukiingia. Nikasema Jumamosi. Ijumaa nilisimama mbele ya watu mia mbili kuitetea hii sentensi yako, Abu Naqula. Saa tatu nzima. Niliwaeleza kwamba mtu asiyetoka kwenda kwa mama yake hujuta maisha yake yote, na kwamba majuto ya namna hiyo hayabuniki. Wote walikubali. Walisimama wakapiga makofi."

"Ukamkuta?"

"Nilishinda hoja," akasema. "Sikumkuta."